Kifaa Kibovu Kiko Wapi?

Ukipeleka gari gereji kubadilishiwa kifaa, kuna jambo moja ambalo mteja mzoefu hulidai kabla ya kutoa hela: aonyeshwe kile kibovu kilichotolewa. Hana kazi nacho. Hatakitengeneza, na pengine atakitupa kabla hajafika nyumbani. Anakidai kwa sababu kile chuma chenye kutu ndicho shahidi pekee kwamba kazi imefanyika, na kwamba kilichotolewa kilistahili kutolewa. Fundi naye, akiwa mwaminifu, hangoji kuulizwa. Hukiviringisha kwenye gazeti akakiweka kiti cha nyuma. Msikilizaji, leo nataka tuwazungumzie mafundi wa aina nyingine, wale wanaosafisha data, na tabia iliyoenea miongoni mwao ya kukabidhi gari linalong'aa huku kifaa kibovu hakijulikani kilikotupwa.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kuliko jina lake. Wadadisi kumi wametumwa vijijini na simu zao, na kila mmoja ameandika kwa mazoea yake. Mmoja kaandika Dar es Salaam, wa pili Dar-es-Salaam, wa tatu DSM, wa nne kaacha nafasi mbele ya neno bila kujua, na kompyuta, ambayo haina busara ya kubahatisha, inahesabu miji minne. Kabla ya kujumlisha chochote lazima mtu akae ayaoanishe maandishi hayo. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa macho na vidole ndani ya Excel, seli baada ya seli, ikaisha bila kuacha alama ya jinsi ilivyofanyika. Mwaka 2010 kampuni ya Metaweb ya Marekani ilitoa programu iliyotengenezwa mahususi kwa shughuli hii, ikiitwa Freebase Gridworks. Mwaka huohuo Google iliinunua Metaweb na programu ikapewa jina la Google Refine. Ilipofika 2012 Google ikaiachia, watumiaji wakaichukua wenyewe, na tangu hapo inaitwa OpenRefine. Ni ya bure. Hufunguka kwenye kivinjari, lakini kazi inafanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe, hata mahali ambapo mtandao umekatika. Ndiyo maana imependwa na watafiti, wakutubi na waandishi wa habari, watu ambao wengi wao hawajawahi kuandika programu ya kompyuta maishani mwao.

Ndani ya chombo hiki kuna kitu ambacho kwangu kina thamani kuliko ufundi wake wote wa kusafisha. Kila unachofanya kinaandikwa. Umeunganisha tahajia tatu kuwa moja, imeandikwa hatua ya 7. Umefuta safu ya namba za simu, imeandikwa hatua ya 8. Unaweza kurudi nyuma mpaka mwanzo kabisa, pale data ilipoingia na uchafu wake wote, kisha ukasonga mbele tena. Faili ulilolileta halijaguswa, maana programu hufanya kazi juu ya nakala. Hata kuhifadhi hakuhitaji kukumbuka: hakuna kitufe cha kuhifadhi, programu hujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika tano. Hapo wengi hudanganyika, kwa sababu kinachohifadhiwa kiko kwenye diski ya kompyuta ileile, na kompyuta ikiibwa imeondoka na kila kitu. Shida hasa huanza pale unapotaka kumpa mtu mwingine. Unaweza kutoa jedwali safi peke yake, kama faili la CSV au la Excel. Unaweza kutoa mradi mzima ukiwa umefungashwa, yaani jedwali, data ilivyoingia na hatua zote za katikati, na atakayeufungua kwenye OpenRefine yake akarudi hadi mwanzo kama ambavyo ungerudi wewe. Au unaweza kutoa hatua peke yake, zikiwa maandishi ya JSON, ambazo mwenzako ataziingiza juu ya data yenye umbo lilelile zikajirudia. Karibu kila mtu huchagua njia ile ya kwanza. Jedwali linatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp likiwa na jina kama "data safi mwisho kabisa 2", na mradi unabaki kwenye kompyuta ya msafishaji mpaka siku kompyuta itakapokufa. Ninachosema mimi ni kwamba jedwali lililotolewa hivyo ni nusu ya kazi, na ni ile nusu isiyokagulika.

Najua jibu linalokuja haraka. Atasema mtu: tahajia ni tahajia, aliyeandika "Morgoro" alikusudia Morogoro, sasa cha kukagua ni nini? Laiti kusafisha data kungeishia kwenye Morogoro. Tazama jinsi programu yenyewe inavyopendekeza maneno ya kuunganishwa. Mbinu yake ya kwanza huitwa alama ya kidole. Inachukua kila jina, inaondoa nafasi za pembeni, inageuza herufi zote kuwa ndogo, inafuta nukta na vistari, inayatenganisha maneno na kuyapanga kwa alfabeti, na neno lililojirudia inalibakiza mara moja tu. Majina yanayotoa matokeo yaleyale yanatiwa kundi moja. Kwa majina ya Ulaya, ambako mmoja anaanza na jina la ukoo na mwingine anamalizia nalo, mbinu hii ni ya akili sana. Sasa ilete kwetu. Katika familia nyingi za Waswahili jina la pili ni la baba, na mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake. Babu ni Hamisi Juma. Mwanawe ni Juma Hamisi. Mjukuu, kwa kuwa fomu za siku hizi zinadai majina matatu, ni Hamisi Juma Hamisi. Yapitishe majina hayo kwenye mbinu ya alama ya kidole: yote matatu yanatoka "hamisi juma". Vizazi vitatu, wanaoishi pengine ua mmoja, wamekuwa mtu mmoja.

Programu haina kosa hapo. Imependekeza tu, inangoja binadamu atie alama ya vema. Lakini binadamu huyo ana makundi mia mbele yake, macho yamechoka, na pale pale kuna kitufe cha kuyachagua yote kwa mpigo. Akishabofya, majina mawili yanageuzwa, marudio yakifutwa jedwali linapungua mistari miwili, na linapendeza zaidi kuliko lilivyokuwa. Kama ni orodha ya wakulima wanaostahili mbolea ya ruzuku, kuna wawili watakaoambiwa dirishani kwamba jina lao limekwisha kuchukuliwa. Na anayelipokea jedwali, hata akiwa mwenyeji wa kijiji hicho na anawafahamu wote watatu kwa sura, hana pa kushika. Haoni kilichounganishwa, anaona Hamisi Juma mmoja, safi, bila doa. Zipo mbinu nyingine ndani ya programu zinazopima tofauti ya herufi, nazo zina mitego yake: Rungwe ya Mbeya na Rungwa, lile pori la akiba la upande wa Singida, zinatofautiana kwa irabu moja. Mwenyeji atacheka. Msafishaji aliyekaa mji wa mbali, na tarehe ya kukabidhi ripoti ni kesho, hatacheka, ataunganisha.

Kuna mfano ulio wazi zaidi. Kati ya Novemba 2016 na Juni 2017 utafiti mmoja uliwahoji wakulima wa Tanzania na Msumbiji kuhusu kilimo cha umwagiliaji wanachokiongoza wenyewe, kwa fomu zilizowekwa kwenye simu za Android. Utafiti huo unaitwa SAFI. Ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza, lakini sikio la Mswahili haliwezi kuacha kutabasamu, maana data zake zimekuja kuwa somo la kusafisha. Data Carpentry, mpango unaowafundisha watafiti kushughulika na data, ulizichukua ukatengeneza faili la darasani la kujifunzia OpenRefine, na safu inayowaliza wanafunzi ni ile ya jina la kijiji. Humo kuna Chirodzo na kuna Chirdozo. Kuna Ruaca na Ruca. Kuna Ruaca-Nhamuenda yenye kistari kilichobanwa, na nyingine yenye nafasi huku na huku. Kuna kijiji kinachoitwa God, na hilo ni jina lake, si kosa. Halafu kuna mahali ambapo mtu, alipoulizwa jina la kijiji, palijazwa namba 49.

Tuyapitie kama msafishaji angeyapitia. Chirdozo ni Chirodzo, herufi zimeruka, hakuna atakayebisha. Ruca ni Ruaca, karibu kwa hakika. Zile Ruaca-Nhamuenda mbili ni moja, nafasi haina maana. Mpaka hapo kalamu inateleza. Sasa je, Ruaca-Nhamuenda ni kijiji hikihiki cha Ruaca kilichotajwa kwa jina refu, au ni kitongoji chake, au ni mahali pengine kabisa kama vile Mbezi ya Kimara isivyokuwa Mbezi Beach? Ndani ya faili hakuna kitu cha kujibu swali hilo. Anayeunganisha atapata kijiji kimoja kikubwa. Anayetenganisha atapata viwili. Majedwali yote mawili yatakuwa safi, yatafunguka vizuri, yatachorwa grafu nzuri, na yatatofautiana. Kuhusu 49, somo lenyewe linakubali kwamba karibu ni hakika ni kosa, na kwamba hakuna data nyingine humo ya kulirekebishia. Msafishaji mmoja ataufuta mstari mzima, na kaya moja itatoweka kwenye utafiti. Mwingine ataacha seli tupu. Wa tatu ataiacha 49 ilivyo. Huo si ubishi wa tahajia tena. Huo ni uamuzi juu ya nani anahesabiwa, na uamuzi wa namna hiyo, popote unapofanywa, mahakamani, kwenye baraza la ardhi, hata kwenye kikao cha ukoo, huandikwa jina la aliyeamua na alichokiamua.

Nitaongeza jambo moja ambalo wageni hawalijui na sisi tumelizoea mno hata tunalisahau. Mkulima akiulizwa anaanza kumwagilia saa ngapi, akajibu saa moja, anakusudia jua likichomoza. Mdadisi akiandika "1" tu, msafishaji asiyejua Kiswahili ataligeuza kuwa saa 7 usiku, ataiona safu yote imekaa sawa, na makala itatoka ikieleza mila ya wakulima kumwagilia gizani. Kama data ghafi ipo na hatua zimeandikwa, kosa hilo linafutika kwa dakika moja. Kama lililobaki ni jedwali safi, hilo linakuwa ukweli.

Makosa haya ya uamuzi angalau yana mtu nyuma yake. Kuna makosa mengine yanayoingia wakati wa kuhifadhi na kutuma tu, ambayo hakuna aliyeyaamua, na hayo ndiyo hatari zaidi kwa sababu kitu kilichopotea hakipigi kelele. Ukiwa ndani ya OpenRefine umechuja ili uione Chirodzo peke yake, ukasahau kuondoa mchujo, kisha ukatoa faili la CSV, utakachopata ni Chirodzo peke yake. Programu haikukosea, hutoa kile unachokitazama. Lakini faili litafunguka, vichwa vya safu vitakuwepo, na aliyelipokea hatajua kwamba vijiji vingine vimebaki nyumbani. Mkasa mkubwa wa jamii hii ulitokea Uingereza mwaka 2020, katikati ya korona. Majibu ya maabara yalikuja kama mafaili ya CSV, yakaingizwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel ambayo haiwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikadondoka kimya. Wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini majina yao hayakufika kwa wakati kwa wale waliopaswa kuwatafuta watu waliokutana nao. Kwa siku hizo zote grafu zilichorwa, na hazikuwa na dalili ya ugonjwa wowote.

Excel ina tabia nyingine inayojulikana na kila karani aliyewahi kuandaa orodha ya simu: namba inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, 0712 ikawa 712, kwa kuwa programu inadhani ni hesabu. Wanasayansi wa vinasaba walisumbuliwa vivyo hivyo. Jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1 zilikuwa zikigeuzwa kuwa tarehe za Septemba na Machi, mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaona heri kuzibadilisha jina jeni zenyewe: SEPTIN1, MARCHF1. Binadamu wamebadilisha majina ya jeni ili kuikimbia programu ya ofisini. Dawa ya upande huu ni nyepesi, nami sitaitumia muda mwingi: toa kwa CSV, ambayo ni maandishi matupu na itafunguka hata miaka hamsini ijayo, usiifungue kwa Excel na kuihifadhi tena, na uandike pembeni idadi ya mistari iliyoingia na iliyotoka. Namba hizo mbili peke yake zingeweza kuwashtua Waingereza siku ya kwanza.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Linasema hakuna anayesoma historia ya hatua. Bosi anataka jedwali, mfadhili anataka grafu, mwandishi wa habari anataka namba moja ya kuweka kwenye kichwa cha habari. Kuwapa faili la hatua 140 ni kuwapa mzigo. Ni kweli, wengi hawatalifungua. Lakini thamani ya kumbukumbu haipimwi kwa wingi wa wasomaji wake. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi ambazo deni la serikali limevuka asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake, kwa wastani, husinyaa kwa asilimia 0.1. Makala hiyo ilishikwa na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kuyarudia matokeo hayo akashindwa, akawaandikia wenyewe kuwaomba faili lao la kazi. Wakampa. Ndani yake akaona fomula ya wastani ilisimama mistari mitano kabla ya mwisho, na nchi tano, Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark, zimeachwa nje. Aliporekebisha hilo, pamoja na miaka iliyokuwa imeachwa kwa baadhi ya nchi na namna ya kupima uzito wa kila nchi, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula huku wakishikilia kwamba hoja yao kuu imesimama, na wachumi wanaendelea kubishana. Lakini kumbuka ni nini kilichofungua ubishi wenyewe. Si jedwali lililochapishwa, ambalo lilikuwa limesomwa na maelfu kwa miaka mitatu. Ni faili la kazi, lililosomwa na mtu mmoja. Na sifa moja lazima wapewe wale maprofesa: walipoombwa, walikuwa bado nalo, na hawakulificha. Ni ofisi ngapi zetu zingeweza kusema hivyo kuhusu ripoti ya mwaka juzi?

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo lingeweza kuiangusha hoja yangu yote. Data ni watu. Data ghafi ina majina, simu, wakati mwingine mahali hasa pa nyumba kwa vipimo vya setilaiti, na hali ya njaa ya kaya mwezi kwa mwezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Je, anayedai data ghafi iandamane na safi hadai kuwaanika wakulima? Angekuwa anadai hivyo, hoja yake ingestahili kutupwa. Tena hatari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na inatokana na sifa ileile niliyoimwagia pongezi. Mtu anafuta safu ya majina ndani ya OpenRefine, anaona haipo, anafungasha mradi na kuutuma akiamini ameficha kila kitu. Hajaficha chochote. Mradi umebeba historia, na historia inarudi nyuma: mpokeaji anabofya hatua iliyotangulia ile ya kufuta, na majina yanatokea yote. Hata faili la hatua peke yake lina mdomo. Hatua ya kuunganisha huandika maneno yaliyokuwepo na neno yalilogeuzwa kuwa. Ukiwa umesafisha safu ya majina ya watu, majina hayo yamo humo kwenye JSON, neno kwa neno, ingawa jedwali halipo.

Lakini siri haimaanishi kwamba kumbukumbu isiwepo. Inamaanisha kwamba isipewe kila mtu. Hospitali haimbandikii mgonjwa faili lake ukutani, wala hailichomi moto akishapona. Kwa data, mgawanyo wake ni huu: data ghafi na mradi mzima vikae mahali pamoja palipofungwa, kwa mtu anayejulikana jina na cheo, ambaye mkaguzi mwenye haki anaweza kumwendea, umma upewe jedwali safi pamoja na hatua zinazohusu vijiji, mazao, tarehe na vipimo, baada ya mtu kuzisoma moja moja na kuondoa zile zenye majina. Na majina yenyewe, ikiwezekana, yaondolewe kabla data haijaingia kwenye programu, ili historia ianzie pale ambapo hakuna cha kuficha. Kazi hiyo inachosha, sikatai. Lakini anayetumia faragha kama sababu ya kutoa jedwali tupu, huku mradi wenye majina ya watu elfu ukizunguka kwenye flashi isiyo na neno la siri mezani kwake, hajamlinda mkulima. Amejilinda yeye na maswali.

Limebaki pingamizi la mafundi wenyewe, nalo ni la haki kabisa: historia ya programu haijakamilika. Ukiingia kwenye seli moja ukaibadilisha kwa mkono, badiliko hilo litaonekana kwenye mradi wako, lakini halitatoka pamoja na hatua za JSON, kwa kuwa haliwezi kurudiwa juu ya data nyingine. Kwa maneno mengine, yale marekebisho ya mkono, ambayo ndiyo yenye uamuzi mwingi kuliko yote, ndiyo yanayobaki nyuma. Zaidi ya hapo, historia husema nini kilifanyika, haisemi kwa nini. Itakuambia kwamba Ruaca-Nhamuenda iligeuzwa kuwa Ruaca saa fulani. Haitakuambia kama msafishaji alimpigia simu mdadisi akauliza, au alitazama ramani, au alikuwa na njaa. Kwa hiyo mashine haitoshi, na sitajifanya inatosha. Kinachotakiwa ni faili la nne, dogo kuliko yote, la maandishi ya kawaida ambalo halihitaji programu yoyote: kila uamuzi usiojieleza, mstari mmoja, na sababu yake. Wengi huona haya kuliandika, kwa sababu linaonyesha mahali ambapo hawakuwa na hakika, na jedwali safi lilikuwa limewafunika vizuri. Kwa faili lile la darasani lingekuwa fupi sana. Chirdozo imekuwa Chirodzo, herufi zimepishana. Ruca imekuwa Ruaca, herufi imeachwa. Ruaca-Nhamuenda imeachwa peke yake, haijathibitishwa kuwa ni Ruaca. God ni jina la kijiji, lisiguswe. 49 haijulikani, mstari umebaki, aulizwe mdadisi.